Ukurasa wa Obiero Uko kwa Ukuta Wangu

Mpendwa Mshauri Syokau, nisaidie kabla Jumapili ifike, mimi ni Khamala wa Kambi Muru hapa Kibera, nauza sufuria za mkono wa pili, na tangu mwaka wa sabini na nne watu wakitoka kanisani walikuwa wanakuja kwangu kuangalia kitabu changu cha historia ya gari za resi za zamani, mzungu mmoja aliniachia akirudi kwao, Kizungu kilinishinda darasa la tatu lakini picha naziona vizuri, kwa hivyo hadithi nilikuwa natoa mwenyewe, na watu wakaniita Profesa. Sasa amekuja Obiero wa Kawangware na kitabu kinono kuliko changu, na yeye anasoma. Mimi nilikuwa nimewaambia yule mzee kwa picha ni mfalme, alienda mbio mpaka kofia ikabaki nyuma, Obiero akaangalia akasema, "Ndugu yangu, hapa wameandika ni fundi wa breki." Watu wakacheka, hata bibi yangu Nekoye, na siku hizi Obiero akija chai yake ina maziwa, yangu ni ya rangi. Roho iliniuma. Nikaazima kitabu chake, nikang'oa ukurasa wa ile gari nyekundu wote walikuwa wanangoja kusomewa, nikaubandika kwa ukuta na uji wa unga ya ngano, vile sisi hubandika magazeti kuziba upepo, nikaweka kalenda juu, kitabu nikarudisha. Baada yangu aliazima rafiki yangu Dalmas, na yeye ndiye wamelaumu, wamemfukuza kwa kikundi chetu cha Jumapili. Jumapili wanakuja kwangu. Nikijaribu kuubandua ukurasa, unararuka. Nihame ama nichome nyumba?

Khamala, usichome nyumba, si yako, ni ya landilodi. Nilicheka hapo kwa mfalme, halafu nikafika kwa Dalmas nikaacha. Mtu akikaa kiti chako mbele ya bibi yako, lazima uumwe. Lakini Obiero hakukunyang'anya kitu, alisoma tu. Mwizi ni wewe, na mzigo umebebesha rafiki yako. Hiyo chai ya rangi inakutosha.

Wacha kukwaruza ukuta. Leo enda Kawangware, mwambie Obiero ukweli, na umwachie kitabu chako. Itauma, ndiyo maana nakwambia. Jumapili watu wakiketi, toa kalenda, sema ni wewe, na usianze na mzaha. Obiero akikubali, asimame hapo asome historia ya ile gari kutoka kwa ukuta wako. Upande wa nyuma umeliwa na uji, huo umewanyima wote.

Lakini kwanza pita kwa Dalmas. Usitume mtu. Mwombe msamaha bibi yake akisikia, na Jumapili umlete mwenyewe, yeye atangulie kuingia.