Poireaux ya Masereka mu Salon ya Beni

Mama yangu wa Masereka,

Nakusalimia na mikono mbili. Uko aje? Magoti inakuuma bado saa ya kupanda njia ya mutoni? Siye hapa tuko bazima. Batoto banakula, bwana yangu Kambale ananenepa kidogo, na ata kama vita iko, kucheka tunacheka. Kasereka wa chukudu, ule anasukumaka mizigo ku kinga yake ya mbao na alileta barua yako, alitupatia habari yote, ata ile ya kuku kutaga mu kitanda yako. Nilicheka mupaka nikakaa chini.

Donc, Mama, njo habari ya poireaux, ile vitunguu yako ya majani marefu. Najua njo ile unangojea. Nilikuita ukuje kukaa na siye, weye ukanitumia miche makumi mbili na neno yako: «Nikisikia poireaux yangu inaishi kule kwenu ku joto, na miye nitaona kama naweza kuishi. Ikikufa, usiniite tena.» Eh, Mama! Batu bengine banauliza kama kuko kitanda, weye unauliza kama kuko udongo! Mais nilisikia muzuri. Uko peke yako mu ile nyumba, basoda banapita ku njia ya mashamba, na miye nakosa usingizi juu yako.

Inje sikuweza kupanda. Basoda balijenga kambi karibu na kwetu, na kila jani banaona mu parcelle, mu kiwanja ya mutu, banahesabu ni mboga yao. Na jua ya Beni unaijua. Basi poireaux ikaingia mu salon, mu mabasini ya zamani na mu bidon ya maji nilikata katikati, ku dirisha ya upande wa kivuli. Mugeni akiingia, anasalimia poireaux mbele ya kutusalimia.

Mbolea sasa! Kambale alirudi na kamufuko ka engrais nyeupe, ile bachuuzi banatoaka Uganda. Akaniambia: «Mu salon ya bakristo hatuwezi kuingiza mavi. Hii haina harufu, haina vidudu, na ni ya mbio.» Nikakubali, juu ilikuwa safi kweli. Lakini miye ni mutoto yako, napimaka mbolea na kiganja. Nilitia kiganja muzima ku kila muche, vile tunafanyaka na mavi ya mbuzi. Kumbe ile kitu banapima na ncha ya kijiko! Siku ya tatu majani ilikuwa ya kahawia, sawa ilipita ku moto. Kumi na mbili ilikufa. Kumi na mbili, Mama. Nilikaa katikati ya mabasini nikalia, Kambale anasimama ku mulango, hajui aweke mikono wapi.

Kisha akasema na sauti ndogo: «Twende ku soko, tununue ingine. Mama hatajua.»

Nikamwangalia. «Mama yangu hatajua? Ule anajua poireau yake na ya jirani kwa harufu tu?»

Na miye, sikufichi, ile mawazo ilinikamata dakika moja.

Lakini ile nane ilibaki, niliirudishia mbolea ya kwetu: mavi ya kobaye, zile nyama ndogo sawa panya bila mukia. Niko nazo kenda mu jikoni, chini ya meza ya masufuria, zinapiga kelele kila nikishika majani. Nikakumbuka ile mbolea yako ya maji, mavi unalowekaka mu nyungu wazi nyuma ya nyumba. Mais mu salon, juu ya harufu, nilitia mavi na maji yote mu bidon, nikafunga kifuniko na nguvu yangu yote, nikasahau.

Aka! Kisha siku kadhaa shirika, bakristo ba mutaa yetu, ikakuja kusali kwetu. Batu bote ku magoti, mama mukubwa wa shirika ameshika rozari, tuko katikati ya Salamu Maria. Paaa! Kifuniko ya bidon juu ku plafond, maji ya kobaye ku shati nyeupe ya Kambale na ku kitambaa ya mama mukubwa. Nusu ya batu balilala chini, banazani ni bunduki. Mama mukubwa akafuta pua, akasema: «Tuendelee, mbele haijapiga ya pili.» Tulicheka mupaka rozari ikatushinda. Kuko mama moja alilia pia, juu tangu vita ianze hakucheka vile.

Sasa natumia mavi ya kobaye kavu, ile ilikaa mwezi muzima mu gunia, na majivu kidogo. Haina harufu, na haiunguzi. Engrais sikuitupa, iko juu ya kabati. Si mubaya, mubaya ilikuwa mukono yangu. Nilijaribu tena mu basini moja, na ncha ya kijiko: inapanda mbio kupita ingine, lakini majani ni laini, inalala. Kambale anaisifu kila siku. Miye naona inakosa mifupa. Ile ya mavi ya kobaye inasimama, na ilizaa batoto mupaka nakosa mabasini.

Unisalimie Yaya Masika, dada yangu mukubwa, na tante Katungu ule alinifundisha kufuma vitunga. Umwambie mujomba Paluku wa kengele ya kanisa kwamba ku Beni tunapiga yetu na bidon. Wasingya, aksanti Mama, kwa kunifundisha udongo, ata kama nilisahau kipimo.

Kasereka anakuletea poireaux sita. Kambale alitaka kukata mizizi, ati mufuko ikuwe safi. Nilikatala. Pika moja, uonje. Ukiamua kuja, kula yote, chumba yako tuliisha kuipaka chokaa. Ukiamua kubaki, panda tena mu shamba yako, ikulishe. Sipendi kukufunga.

Lakini kuja, Mama.

Ni miye mutoto yako,
Kavira