Zoezi Nililolipima kwa Rozari

Kijiji cha Mogitu,
Hanang, Manyara.
16 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Oliva,

Marahaba. Nimeitikia mapema kwa sababu najua shikamoo yako ingekuja tu. Hujambo? Agustino mdogo hajambo? Ananyonya vizuri, ameanza kucheka na watu? Mama mkwe wako mfikishie shikamoo yangu kabla hujasoma mstari mwingine, na shemeji Hermani msalimie. Nasikia Newala nako asubuhi kuna baridi. Nilifurahi kusikia hivyo, maana siku zote nilikuwa nakuonea huruma nikidhani huko mnaungua jua tu.

Sisi ni wazima kabisa. Mvua imeanza vizuri, mahindi yamefika magotini. Asubuhi ukungu unashuka kutoka mlimani mpaka kwenye zizi letu, na ng'ombe wanatokea ndani yake mmoja mmoja, kwanza pembe, halafu uso. Naipenda sana saa hiyo. Nasimama na kikombe cha chai mpaka chai inapoa, nikiwaza mambo ambayo hata siwezi kukuambia ni yapi. Evarist anasema nimeolewa na mlima, yeye ni mgeni tu hapa nyumbani.

Mama bado yuko kwangu. Alikuja Agosti nilipojifungua Brightness, akasema atakaa miezi miwili, halafu akasema mpaka mtoto akae, sasa anasema mpaka mtoto atembee. Kijijini kwake Masieda wanamngoja, kuku wake wanalelewa na majirani, yeye hana habari. Nami simkumbushi.

Sasa nikuambie kwa nini nakuandikia kwenye karatasi kama watu wa zamani. Simu yako kila nikiipiga anapokea mtu mwingine, na hata ukipokea wewe nasikia nyumba nzima inasikiliza. Jambo langu si la kusikilizwa na nyumba nzima. Ignasi wa kwa mzee Sulle anafundisha Masasi, huko jirani na kwenu, na amekuja mara moja kumwona baba yake. Amekubali kuibeba barua hii na kukukabidhi mkononi. Isome ukiwa peke yako, mtoto akiwa amelala.

Oliva, unakumbuka ile siku ya Januari nilipokusimulia kwenye simu jinsi mbuzi alivyoingia kanisani wakati wa matangazo? Ulianza kucheka kile kicheko chako, halafu ghafla ukanyamaza, na simu ikakatika. Baadaye ukasema ni mtandao. Halafu shemeji akamwambia mama kwamba umeacha kwaya, na kanisani huendi, kwamba mtoto hajapata nguvu. Wiki iliyopita ukatuma ujumbe kwamba harusi ya Clement huji, safari ni ndefu. Kaka yetu wa pekee, Oliva. Mama aliusoma ule ujumbe mara mbili, akaenda kukaa nje.

Mimi sikukasirika. Nilijua si mtandao, si mtoto, wala si safari. Nilijua kwa sababu visingizio vyote hivyo nilivitumia mimi kabla yako.

Baada ya kujifungua Brightness nilikuwa nikicheka, mkojo unatoka. Nikikohoa, unatoka. Nikiinua ndoo, nikipiga chafya, nikiharakisha kumkimbilia mtoto, ni hivyo hivyo. Si mwingi, lakini unatosha kukufanya ubadilishe kitenge mara tatu kwa siku na kukaa karibu na mlango kila mahali. Sikumwambia mtu. Evarist nilimwambia nina kikohozi, ndiyo maana siendi kwaya. Akaninunulia asali, maskini, nikawa naila huku naona aibu. Siku hizo nilikuwa nalala mchana nikiota niko Masieda, binti mdogo, tunaruka kwenye ngoma, miguu haigusi chini. Nikiamka nalia kidogo.

Aliyenitoa huko ni nesi Konsolata, siku nilipompeleka Brightness kupimwa uzito. Hakuniuliza kama nina tatizo. Aliuliza tu, akiwa anaandika kwenye kadi ya mtoto, kama nikipiga chafya nabaki mkavu. Nilitaka kusema ndiyo. Machozi yakatangulia.

Alinieleza kwamba huko chini, kati ya mfupa wa mbele na mkia wa mgongo, kuna misuli iliyotandikwa kama kamba za kitanda cha asili, na ndiyo inayobeba kibofu na kizazi. Mtoto akipita, kamba zinalegea. Zinahitaji kukazwa tena kidogo kidogo, na kazi hiyo unaifanya mwenyewe, nyumbani, bila dawa. Nisikilize vizuri hapa, nakuandikia kama alivyonifundisha.

Lala chali kwenye mkeka, magoti juu, nyayo chini. Baadaye ukizoea utafanya umekaa au umesimama. Halafu vuta kwa ndani, kama mtu anayezuia mkojo na anayezuia upepo mbele za wakwe, vyote kwa wakati mmoja. Utasikia kitu kinapanda juu. Kishikilie ukihesabu moja mpaka tano, kiachie taratibu, pumzika tena mpaka tano. Kama tano ni nyingi, anza na tatu. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Usibane makalio wala mapaja, usizuie pumzi, wala usisukume chini kama wakati wa kujifungua. Na usifanye ukiwa unakojoa, kibofu kinachanganyikiwa.

Rahisi, siyo? Sasa cheka, lakini taratibu.

Mimi kuhesabu kulinishinda. Unanijua, nikilala chali tu mawazo yanaondoka. Nahesabu moja, mbili, halafu nasikia njiwa kwenye bati, nawaza njiwa, nikirudi sijui niko wapi. Ulikuwa mwezi wa Oktoba, mwezi wa rozari, na jumuiya yetu ilikuwa inakutana kila jioni nyumba kwa nyumba kuisali. Nikajiambia, kumbe hesabu ninayo mkononi. Kila punje moja, vuta moja. Hapo hapo nimekaa kati ya watu, nashikilia tangu mwanzo wa Salamu Maria mpaka Amina, naachia, naanza nyingine.

Fanya hesabu mwenyewe, Oliva. Salamu Maria ya jumuiya yetu inaongozwa na mama Helena, jirani yetu, anayesali kama anayevuta ng'ombe kwenye tope. Mafungu matano ya kumi kumi. Fungu la kwanza nilijiona hodari. Fungu la tatu jasho linanitiririka, mapaja yanatetemeka, nimefumba macho na kuuma midomo. Fungu la tano nilikuwa sioni watu. Tulipomaliza, mama Helena akanishika mikono yote miwili mbele ya jumuiya nzima akasema, "Marieta, mwanangu, leo nimeona mtu anayesali kwa moyo."

Nilifanya hivyo siku tisa. Jumuiya wakaanza kunitaja kwenye nia zao za sala. Ila mwilini mambo yalikuwa mabaya zaidi, jioni nilikuwa navuja hata nikitembea tu. Nikarudi kwa Konsolata nikiwa nimekata tamaa, nikamwambia zoezi lake halifai. Akasema nimwonyeshe ninavyofanya. Nikatoa rozari.

Oliva, yule mama alicheka mpaka akavua miwani. Akasema misuli iliyochoka haishiki kitu, ni sawa na kumlimisha ng'ombe aliyezaa jana. Halafu akachukua rozari yangu, akasali polepole huku akiangalia saa ya ukutani, akaniambia nishikilie mpaka kwenye neno "neema" tu, zilizobaki zote ni za kupumzika. Na fungu moja linatosha, matano ni ya Mama Maria.

Basi tangu siku hiyo nafanya hivyo. Nasali lile fungu moja alfajiri nikiwa nimelala, jingine mchana Brightness akinyonya, na la mwisho jioni namngoja Evarist arudi shambani. Ni saa nzuri sana, sijui nikueleze vipi. Unavuta, unaachia, na katikati unasikia nyumba, moto, mvua ya mbali. Wakati mwingine namaliza fungu na sijui ni mimi niliyekuwa nasali au nilikuwa nimelala. Evarist nilimwambia ukweli wote. Aliuliza tu kama asali niliimaliza. Sasa akiniona nimetulia naangalia mlima, hanisemeshi, anamchukua mtoto na kutoka naye nje.

Haikuwa haraka, nisikudanganye. Mwezi wa kwanza sikuona kitu. Ilipofika Krismasi nilipiga chafya jikoni, nikasimama pale nikingoja, na hakikutoka kitu. Januari ndipo nilipokupigia habari ya mbuzi, mimi nikiwa nacheka kwa raha zangu, nawe huko ukanyamaza.

Kuna jambo jingine, na hili mama ameniruhusu kuliandika baada ya kukataa siku nne.

Unakumbuka mama hajawahi kucheza ngoma? Kwenye harusi zote za Masieda wanawake wakipanga mstari na kuanza kuruka, yeye anakaa na watoto wa wenzake mapajani, anasema goti linamuuma. Kanisani ni benchi la mwisho, karibu na mlango. Mimi na wewe tulikuwa tunamtania kwamba ni mlinzi wa kanisa. Siku nilipomweleza Evarist, mama alikuwa nyuma ya pazia akichambua maharage. Kesho yake aliniuliza, bila kuniangalia, kama nesi alisema zoezi hilo linamfaa hata mtu aliyejifungua zamani. Nikamuuliza zamani ya lini. Akasema, "Ya Oliva."

Wewe una miaka thelathini na moja, mdogo wangu. Goti halikuwa goti.

Nililia, siwezi kukuficha. Miaka yote hiyo tulikuwa tunacheka na mama pale mlangoni, na yeye anacheka nusu, kwa kuhesabu. Konsolata alisema linamfaa, ingawa litachukua muda zaidi. Tangu Novemba tunalala mikekani wawili, mama na mwana, rozari mbili. Mama yeye anaishia kwenye "neema" bila shida, anasema mimi ndiye niliyekuwa mkaidi tangu utotoni.

Alinikataza nisikuandikie kwa sababu moja tu. Aliogopa utadhani ni wewe uliyemharibu. Ameniagiza niandike hivi kwa maneno yake, nami nayaandika: "Mwambie nilimzaa mzito na nilimpenda papo hapo, na kama ningeambiwa nichague tena ningemchukua huyo huyo."

Basi sikia kilichotokea Alhamisi iliyopita. Ukungu ulikuwa mzito, hata zizi halionekani. Nilitoka na chai yangu. Nikasikia kishindo huko uwanjani, tu, tu, tu, nikadhani ndama amekata kamba. Nikasogea taratibu. Alikuwa mama. Amevua viatu, amejifunga kitenge vizuri kiunoni, mikono ameibana kando, anaruka. Peke yake, ndani ya ukungu, mwanamke wa miaka sitini na nane, anaruka kama wanavyoruka wasichana kwetu, na midomo yake inaimba bila sauti. Nilisimama na kikombe changu. Alipochoka akatulia, akapeleka mkono nyuma akapapasa kitenge chake. Akapapasa tena. Halafu akaona niko pale, na hakuona aibu.

"Pakavu," akaniambia.

Tulishikana tu pale mpaka Brightness akalia ndani.

Kwa hiyo mdogo wangu, anza leo. Una miezi mitatu tangu ujifungue, ni wakati mzuri. Vumilia. Nenda pia kwa nesi wa huko akuangalie. Na kama unavuja muda wote bila kukoma, mchana na usiku, hata ukiwa umelala, hilo si la mkeka na rozari, hilo ni la hospitali, nenda bila kungoja. Mwambie shemeji Hermani. Nilidhani Evarist atanicheka, kumbe alikuwa anasubiri tu kuambiwa.

Harusi ya Clement ni Jumamosi ya tarehe 26 Aprili, juma la Pasaka, nyumbani Masieda. Zimebaki wiki sita. Hazitoshi kumaliza kazi, najua, nami sikuiti kuruka. Chukua nguo za kubadilisha, za kutosha, mimi nitabeba nyingine. Utakaa nami karibu na mlango na hakuna atakayeuliza. Ila usikose, Oliva. Mama amesema siku hiyo atasimama kwenye mstari wa wanawake, mbele ya Masieda nzima, na anataka wewe ndiwe umshikie rozari.

Evarist anakusalimu sana, na Brightness anakusalimu kwa mate, amelowesha kona ya karatasi hii. Nesi Konsolata naye anakusalimu ingawa hakujui, anauliza wewe unasali haraka au polepole. Mbusu Agustino kwenye paji la uso, pale panaponukia maziwa.

Mungu akulaze vizuri, akuamshe vizuri, na akulete.

Ni mimi dada yako, anayekupenda na kukungojea barabarani,

Marieta

Mama ameomba kalamu. Ameandika mwenyewe hapa chini:

OLIVA NJOO UNIONE NIKIRUKA. MAMA YAKO FRANSISKA.