Sifuri Niliyompa Hodan

Mwalimu Mutua,

Asalaam aleikum. Ulikuwa Mkristo wa Kitui, lakini kila asubuhi uliitikia salamu yangu, basi sitaibadilisha leo.

Tangu tulipokuzika, darasa lako nalifundisha mimi. Hungelitambua. Siku hizi wanafunzi wanaiagiza akili unde, nayo inawaandikia insha nzima kabla chai haijapoa. Insha zote ni laini, zote zinafanana. Sijui tena namsahihisha nani.

Mwezi uliopita msichana wa Modogashe, Hodan, alileta kazi kuhusu ngamia na ukame. Kiingereza chake kilikuwa safi mno. Nikakasirika, nikampa sifuri bila hata kumwita. Wewe ungemwita. Mimi mwaka wa kwanza, ulimi mzito, nimesimama mbele yako na insha yangu, uliniambia, "Deka, weka karatasi chini. Nieleze tu."

Hodan alikuja ofisini mwenyewe. Hakulia. Aliweka simu mezani, na sauti ya ayeeyo wake, bibi yake mzaa mama, ikajaa chumba, ikieleza kwa Kisomali jinsi ya kumjua ngamia atakayefika kisimani na yule atakayeanguka njiani. Alikuwa amemrekodi siku tatu.

"Maneno ni ya ayeeyo, mwalimu," akasema. "Mashine ilinitafsiria tu. Kiingereza yangu iko kidogo."

Nilifuta ile sifuri, nikamwomba radhi. Nilidhani ningetulia. Wapi! Kesho yake kijana mwingine alileta insha laini vilevile. Nilipomwuliza maana yake, akanisomea tu aya ya kwanza tena. Wa tatu alijibu vizuri kabisa, na bado namshuku. Natoka mtaa wa Waberi hadi mtaa wa Iftin kwa miguu, jua la saa tisa kichwani, nikibishana nawe.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Chini ya sifuri ya Hodan niliweka maoni marefu, makali, kuhusu uaminifu wa msomi. Aliyasoma mbele yangu siku ile ofisini, hadi mwisho. Mwalimu, sikuyaandika mimi. Nilikuwa na rundo la insha, nimechoka. Niliiagiza mashine.

Jumatatu nitasema hivyo mbele ya darasa zima, Hodan akiwa ameketi pale. Labda watacheka. Labda hawataniamini tena. Naogopa, lakini nimekuahidi, na wewe siwezi kukudanganya.

Mungu akulaze pema, Mwalimu wangu.

Deka