Nilimwambia Umeshachaguliwa

Neema mwanangu, marahaba ya mbali. Kasulu mvua na baridi, koti sivui.

Nisamehe. Jana nilijisifu kwa Mama Anzela, anayeniuzia chakula, kwamba umeshapata nafasi ya PhD ya uchumi. Akaniongezea mgebuka mzima wa pongezi. Samaki akanishinda kumeza.

Leo nimerudi kusema ukweli: umeomba tu, wanachukua wachache, na hulali ukiwaza alama zako za hesabu na wenzako waliosoma Ulaya.

Akacheka. "Baba Neema, mbona unatetemeka wewe? Kwani mtihani ni wako?" Akanipakulia mgebuka mwingine.

Wakikukataa, mwanangu, aibu ni yangu niliyeropoka. Wewe njoo tu nyumbani, tule samaki.

Akupendaye,
Baba