Mkate Ukipita, Mimi Siko

Jumanne, 6 Mei
Saa kumi na moja asubuhi, kelele tena. Mume wangu, Baba Ciku, anakemea mapepo sebuleni kama anayefukuza mbuzi shambani. Wiki ya tatu sasa, tangu aokoke kwenye krusedi kule Thika. Nimeenda kazini bila chai. Alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko.

Jioni akanifundisha Zaburi. Mimi! Niliyemwombea miaka kumi na tisa, yeye amelala Jumapili na gazeti usoni. Nilitaka aokoke, ndiyo. Sikujua atakuja hivi.

Ijumaa, 9 Mei
Anataka harusi ya kanisani. "Mama Ciku, Bwana amesema na mimi. Si tufanye tu wedding, hata wewe ukule Meza." Kama anayeninunulia viatu.

Nilimwomba harusi hiyo tangu Ciku akiwa mgongoni. Alisema wazee walishakaa kwetu wakamaliza maneno ya mahari, kanisa linataka nini tena. Na kanisa letu halikupi Meza ya Bwana kama ndoa hamkuifungia pale. Kwa hiyo miaka yote hiyo, mkate ukipita, mimi siko. Niko chumba cha nyuma na watoto wa shule ya Jumapili. Kila siku ya Meza najitolea. Watu hunisifu kwa moyo wa huduma. Hakuna anayejua najificha.

Leo kwenye duka la vitambaa ninakofanya kazi nimekata satini mita tatu badala ya nne. Ya bibi harusi wa mtaa wa Membley. Meena, mwenye duka, alinitazama tu. Afadhali angenigombeza.

Jumapili, 11 Mei
Baba Ciku amesimama kanisani kutoa ushuhuda. Alianza na pombe yake. Sawa. Kisha akaendelea: "Na huyu teacher wa Sunday school, mnajua kwa nini hakuli Meza? Ni mimi! Hatujawahi kuwed!" Akalia. Kanisa likapiga makofi. Mimi niko mlangoni na watoto ishirini, tumeingia kuimba.

Aliungama dhambi zake, na siri yangu akaitoa kama nyongeza. Nimeaibika. Sijui kama nitamsamehe.

Jumatatu, 12 Mei
Sijasema naye. Anamwomba Mungu kwa sauti anilainishe moyo, makusudi nisikie. Mungu si kiziwi. Wala mimi.

Jumatano, 14 Mei
Mchungaji ameniita. Mpole sana. Lakini maana yake ni moja: nipumzike kufundisha hadi tufunge ndoa. Na Baba Ciku? Ameombwa aongoze maombi ya wanaume. Nimecheka mpaka Mchungaji akashtuka.

Jumapili, 18 Mei
Nimekaa kwenye benchi kama mgeni. Watoto wanaimba huko nyuma, wanakosea ubeti wa pili, na siwezi kwenda.

Nimemkasirikia Mungu, wacha niandike wazi. Mimi nimekuwa hapa siku zote, yeye anamshangilia aliyechelewa. Najua habari ya mwana mpotevu. Nimeifundisha mara nyingi, na kila mara namfanya yule kaka mkubwa kuwa mtu mbaya. Leo namwelewa kabisa.

Alhamisi, 22 Mei
Nimemwambia sitaki harusi. Nikamwambia yote, huku namenya viazi. Ulininyima mkate miaka kumi na tisa, sasa unaniletea kana kwamba wewe ndiye uliyeuoka. Alifungua mdomo, nikajua mstari wa Biblia unakuja. Haukuja. Akachukua kisu kingine, akaanza kumenya. Vibaya. Anatupa nusu ya kiazi.

Ijumaa, 23 Mei
Asubuhi kimya. Nikaamka kutazama kama ni mzima. Amekaa tu kitini, kofia mkononi. Hata karakana yake ya kuchomelea mageti amechelewa kwenda.

Jumapili, 25 Mei
Sikwenda kanisani. Ciku alirudi na habari. Baba yake aliingia kwa watoto, akawaambia mwalimu hayupo kwa makosa yake yeye, si ya mwalimu. Mmoja akamuuliza, "So anarudi lini?" Akajibu hajui, mwalimu ndiye atasema. Akatoka. "Mum, hakupreach hata kidogo," Ciku akasema, macho yamemtoka.

Nimefikiri mchana wote. Harusi alininyima yeye. Lakini kule nyuma nilienda kwa miguu yangu. Ningeweza kukaa kwenye benchi, mkate ukanipita, watu wakasema wapendavyo. Nilimwambia Mungu ni huduma, na ilikuwa aibu. Nimeomba kando ya sinki, dakika mbili hivi. Nikasema unisamehe, na sikuongeza jina la mtu mwingine.

Kisha nikamwambia Baba Ciku, sawa. Hakuna satini. Hakuna hema.

Jumapili, 8 Juni
Matangazo ya ndoa yetu yamesomwa. "Esther Wangari, ambaye hajaolewa." Ndiye mimi. Ciku, miaka kumi na minane, amekaa kando yangu anabana kicheko. Mwenye pingamizi na aseme. Nusura niinue mkono mimi mwenyewe. Na bado yatasomwa mara mbili.

Jumapili, 6 Julai
Tulifunga ndoa Jumamosi iliyopita. Gauni la bluu, pindo Meena alilishona kwa mkono wake.

Leo ilikuwa Meza. Sinia lilipita benchi kwa benchi, likafika kwa Baba Ciku kwanza. Nikangoja aseme neno. Hakusema. Alinishikia tu, kwa ile mikono ya kuchomelea vyuma.

Kipande chenyewe kidogo, kama ukucha. Ndicho nilichokikimbia miaka yote. Nililia kidogo, si sana.

Huko nyuma watoto walikosea tena ubeti wa pili. Nikabaki nimekaa. Jumapili ijayo nitawarekebisha.