Bikoni Kwenye Bustani ya Mama

Kijiji cha Nyamalugu,
Karibu na Kigongo,
Mwanza.
18 Mei 2025.

Mpendwa Kaka Mihayo,

Shikamoo kaka. Habari za Songea na baridi yake? Wifi Justa kifua kimepona? Watoto wanaendeleaje na shule? Huku sote wazima wa mwili. Goti la Mama halimsumbui sana siku hizi. Mimi ndiye sijatulia. Hii ni mara ya tatu naanza barua hii.

Kaka, Mama alikaa siku kumi na mbili bila kusema nami.

Unakumbuka mwaka jana nilichaguliwa katibu wa kamati ya mazingira ya kijiji. Nilidhani kazi yenyewe ni kupanda miti na kuandika mahudhurio. Mwezi wa tatu mkutano mkuu wa kijiji ukaamua tuyalinde mafunjo yaliyobaki ufukweni. Ndimo wanamozalia kambale na furu, na wewe mwenyewe ungeona samaki wanaoletwa siku hizi ungesikitika, hawajazi kiganja. Sheria ipo siku nyingi: mita sitini kutoka majini, hakuna kulima wala kujenga. Tukapiga kura. Mama naye aliinua mkono.

Afisa mazingira alipokuja kupima, kamba ilipita katikati ya bustani ya Mama, ileile iliyotusomesha mimi na wewe. Bikoni, ile nguzo ya zege ya kuonyesha mpaka, ikachimbiwa kwenye tuta la sukuma wiki. Mimi ndiye niliyeshika ncha ya pili ya kamba.

Mama hakupiga kelele. Alinivuta pembeni, akasema, "Wiki iliyopita nilikuona ukihesabu hatua hapa. Nikangoja uje uniambie." Kaka, ni kweli. Nilijua, nikanyamaza kwa woga.

Jioni ileile aling'oa kila kitu kwa mkono wake, akawagawia majirani. Kwangu halikufika hata jani.

Laiti ingeishia hapo. Mbele kidogo ya bustani amehamia bwana mmoja kutoka mjini. Amemwaga kifusi juu ya mafunjo na kujenga ukuta mpaka unagusa maji. Bikoni yake ilitakiwa isimame ndani ya geti. Siku ileile ya kupima, tulipofika pale, Mwenyekiti wetu, Mzee Masele, akasema jua kali, tutarudi siku nyingine. Siku nyingine ikawa karibu wiki mbili. Elias, jirani wa Mama kule bustanini, akarudi kupanda nyanya ndani ya zile mita sitini. Nilipomfuata akanijibu, "Kama sheria inaogopa geti, kwa nini mimi niiogope sheria?" Nilirudi nyumbani nikawa nakaa, nasimama.

Jumatatu iliyopita halmashauri ya kijiji ikiwa kikaoni, Mama akaja akasimama mlangoni. Mzee Masele akamkaribisha kiti. Hakuketi.

"Mwenyekiti, mimi nimeng'oa, na sikuombi unirudishie. Nionyeshe tu bikoni ya mwenye ukuta iko wapi."

Mzee Masele akafunua daftari, akalifunga. Mama akanigeukia mimi.

"Katibu, chukua kamba."

Tukaenda, na watu wakazidi kuongezeka njiani. Yule bwana akatoka na karatasi zake. Mtendaji wa kijiji akazisoma zote, kisha akamwonyesha muhtasari wa mkutano mkuu wenye sahihi zetu. Walibishana mpaka jua likafika utosini. Mwishowe Mzee Masele mwenyewe akasema, "Bwana, fungua. Wote hawa wamenichagua mimi." Geti likafunguliwa.

Bikoni ipo ndani ya ua wake sasa. Amepewa siku thelathini avunje ukuta na kuzoa kifusi. Jana vibarua wameanza kutoa tofali upande wa ziwani, na Elias ameng'oa nyanya zake.

Lakini bado sina raha, kaka. Zimebaki siku ishirini na nne, na mtu wa aina ile hakosi wa kumpigia simu. Kila nikisikia lori natoka mbio kutazama kama linapakia kifusi au linamwaga kingine.

Mama amepewa kipande cha shamba juu ya barabara. Udongo mzuri, ila maji ni ya kubeba kichwani. Leo asubuhi nilimfuata kisimani bila kuitwa. Alinitazama, akanisukumia ndoo kubwa, yeye akachukua ndogo. Tumepanda kilima, yeye mbele, mimi nyuma. Sijui kama huo ni msamaha. Mpigie, kaka, ila usimwambie nimekuandikia.

Nisalimie sana Wifi Justa, Pius na Queen. Shangazi Tereza anawakumbuka. Mungu awafunike huko mliko, na sisi atutie nguvu tusirudi nyuma.

Mdogo wako akupendaye daima,
Dorcas