Radhi Uliyoizuia Bila Kujua

Al Muraqqabat, Dubai

Dada yangu Hilwa,

Asalaam alaykum. Natumai mu wazima nyote hapo Mkunazini, na kwamba goti lako limepoa tangu uache kupanda ngazi kama msichana. Mie sijambo, ila joto la huku halina adabu, na wateja dukani wanashika vitambaa, wanasifu, wanakwenda zao. Utashangaa kupata barua siku hizi. Kwenye simu ungenikata kauli kabla sijafika mwisho.

Umeniuliza kwa nini mwanao Luay hakupigii, na ukimpigia wewe anajibu ndiyo na hapana tu. Umeshuku kuna mwanamke. Basi nisikilize, bibi wee.

Wajua kwamba akitoka kupakia mizigo kule bandari ya Hamriya, Luay hucheza ule mpira wa Kimarekani, wa kuvaa kofia ngumu na kugongana kama mabeberu. Klabu zilikuwa tano, wakicheza kwa kujifurahisha. Mwaka huu wakubwa wao wakaamua iwe kazi ya mshahara, na wakaongeza klabu ya sita. Aliyeinunua nafasi hiyo ni tajiri mmoja, Maan, ambaye mpira wenyewe hajapata kuucheza. Timu ikapata jina, Habubu, ile tufani ya mchanga. Ikapata fulana, ikapata ghala la mazoezi kule Dubai Investments Park. Wachezaji ndio hawakuwapo! Lo, nikasema, hawa wanapika pilau la harusi na mke hawajaposa.

Nilipomuuliza Luay wachezaji watatoka wapi, alinieleza kwa ile subira ya marehemu baba yake. Kila klabu ya zamani iliruhusiwa kuwakinga wachezaji wachache inaowapenda, wasiguswe. Waliobaki wakawekwa wazi, Habubu ichague humo. Na klabu yake haikumkinga yeye. Hilwa, mie muuza vitambaa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Timu inayoungwa kwa mabaki ya watu, nikamwambia, haifiki Ramadhani. Na akiacha kazi yake, akahamisha viza, wakifunga je? Nimewaona hapa wengi wenye kadi za biashara zinazong'ara, kesho ukiwatafuta ofisi tupu.

Nikaenda kuchungulia mwenyewe, nikijifanya nauza mapazia. Mlinzi wa getini, kijana wa Kenya aitwaye Ronnie, akanihakikishia kwamba mambo ni poa kabisa, mzee asiwe na wasiwasi. Nikajua huyu kafunzwa maneno. Ndani nikaona wanaume wamepangwa foleni, wanapimwa mabega na kubonyezwa magoti kama mbuzi wa Idi. Nikatafuta kasoro, sikuiona, na hilo nalo likanitia shaka. Nikarudi nyumbani na pazia langu.

Wiki ile ile Habubu wakamchagua Luay. Akaja kukaa miguuni pangu, jitu zima lile, akasema hatii saini bila radhi yako. Na kwa kuwa kwetu jambo zito mtoto halipeleki kwa mamake mwenyewe, hulipitisha kwa mjomba, akaniomba nikuulize mie. Siku ya pili nikampa jibu. Alisema radhi ya mama haiombwi mara mbili, akarudi Hamriya, na tangu hapo anakula chakula chake kimya.

Sasa Alhamisi iliyopita kaja dukani kocha wao, Abdullatif. Nikadhani kaja kunilaghai, hata kiti sikumpa. Akanieleza amesimama kwamba katika wote waliowekwa wazi, Luay ndiye waliyemwita wa kwanza. Klabu yake ilimwacha kwa kudhani hakuna mwingine aliyemwona. Timu imeshaanza kucheza na mishahara inatoka. Akasema nafasi ya Luay bado hawajampa mtu, mpaka mwisho wa mwezi, lakini yeye hatamshawishi kijana amuasi mama yake. Akaaga kwa heshima. Nilibaki nimeshika mkasi, sijui nakata nini.

Si mwanamke, Hilwa. Ni mimi. Sikukupigia. Nilimwambia mwanao kwamba mamake hakuridhia, nawe ulikuwa hujui lolote. Nilikataa mimi kwa kinywa chako.

Nimejidanganya kwamba nilimshuku Maan. Wallahi, ningekuwa nina shaka ya kweli ningekuuliza. Timu inawalaza wachezaji wake huko huko Dubai Investments Park, penye ghala lao. Tangu mke wangu Rawan afariki, sauti nyingine nyumbani humu ni ya Luay tu, akiimba bafuni vibaya. Niliogopa kubaki na kuta. Sasa nimebaki nazo naye yumo ndani.

Usinisamehe kwanza, utachelewa. Mpigie mwanao leo hii. Akijibu ndiyo na hapana tu, wewe endelea kusema. Mwambie hukuulizwa. Halafu umpe radhi au umnyime, lakini aisikie sauti yako mwenyewe. Mie nimeshindwa kumwambia. Kila nikifungua mdomo ananiuliza kama nataka chai.

Nisalimie wote wanaonikumbuka, na umwombee Rawan. Goti ulisugue mafuta ya karafuu usiku.

Kaka yako, ambaye safari hii usimwamini mpaka usikie kwa Luay,
Himid